Kuhama Arusha kwenda Mwanza na Fuso la kukodi, jinsi ya kupanga safari mfuko usitoboke

Ukitaka kuhamisha vyombo kutoka Arusha au Moshi kwenda mkoa wa mbali, jua kwamba bei ya gari haipangwi na kilomita peke yake, inapangwa na swali moja analojiuliza mwenye gari: nikishamshusha huyu kule narudi na nini? Kama hana mzigo wa kurudi nao basi mafuta ya kwenda na ya kurudi yote yameshaingia kwenye bei yako hata kama hajakwambia. Ndo maana unakuta watu wawili wamehama wiki moja, mtaa mmoja, vyombo karibu vilevile, afu mmoja kalipa hela nyingi kuliko mwenzake mpaka wanashangaana. Huko Marekani mtu anakodi lori, anapewa funguo, anaendesha mwenyewe mpaka jimbo lingine analiacha hukohuko. Kwetu gari inakuja na dereva na utingo wake na lazima irudi kwao, kwahiyo mipango yote inaanzia hapo.

Nitatumia Mwanza kama mfano maana ni mbali na njia yake ina mambo mengi, ila hata kama unaenda Dodoma, Dar au Mbeya hesabu ni zilezile.

Tafuta gari ya huko unakohamia. Plate namba za bongo hazisemi gari ni ya mkoa gani, ila gari za mizigo zina maandishi mlangoni, jina la mwenye gari, S.L.P. na mji. Pita asubuhi sehemu zinaposhushwa mizigo, kwa Arusha anzia Kilombero na kule Unga Limited, kwa Moshi zunguka Mbuyuni, wewe soma milango tu. Ukikuta S.L.P. ya Mwanza au Shinyanga au Kahama na vijana wanashusha mchele, huyo ndo mtu wako, maana akimaliza kushusha anakaa anapiga simu kwa madalali anatafuta cha kurudi nacho, na kila siku anayolala hapa anakula posho na bosi wake anapiga simu kuuliza gari iko wapi. Anayehamia Dar ndo ana raha kuliko wote kwasababu gari za kutoka Dar zinaingia na bidhaa kila siku, hata Moshi kwenye gari za ndizi unaweza kuchangia nafasi kama vyombo vyako ni vichache.

Dalali sio mtu mbaya, ana namba za madereva wote na ukiwa bize kazini atakusaidia, ila anakula juu kwako na anakula kwa dereva pia. Mimi naona mpe hela yake ya kukuunganisha, mkubaliane mapema ni shilingi ngapi, afu bei uongee mwenyewe na dereva, na kabla hujatoa senti umpigie mwenye gari. Maongezi yenyewe huwa yanaenda hivi:

"Bosi, Mwanza milioni mbili na nusu, hapo nimekufanyia kama ndugu."

"Kaka, gari si ya Mwanza hii? Jana mmeshusha mchele. Mnarudi na nini?"

"Aah, tunaangalia angalia."

"Basi mimi sina haraka, napakia siku yoyote kati ya Jumanne na Alhamisi. Ongea na bosi wako uniambie ya kurudia."

Hiyo bei nimeitaja ya mfano tu. Kitu kilichombana hapo ni ile "sina haraka". Ukishasema lazima niondoke Jumamosi umeshalia, kwahiyo kama kodi ya nyumba inaisha tarehe 30 ongea na mwenye nyumba mapema akuachie siku tatu nne za ziada, zitakugharimu kidogo kuliko kukodi gari kwa presha. Na mwisho wa mwezi wote tunahama, wapagazi wenyewe wanapandisha.

Kabla ya kukubali bei piga hesabu ya mafuta mwenyewe. Arusha mpaka Mwanza kwa kupitia Babati na Singida ni kama kilomita 800 hivi. Muulize dereva gari inakula lita moja kwa kilomita ngapi ikiwa na mzigo, tuseme kasema 5, hizo ni lita 160 za kwenda tu, zidisha na bei ya dizeli iliyoandikwa pale sheli. Hapo umepata sakafu ya bei, chini ya hapo mwenye gari anapata hasara na akikubali jiulize kwanini. Kumbuka pia EWURA wanatangaza bei mpya za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, sasa kama mmepatana tarehe 28 na safari ni tarehe 6 semeni kabisa bei ikipanda nani anabeba.

Ukubwa wa gari watu wengi wanabahatisha. Kirikuu iache kwa kuhama ndani ya mji. Canter inatosha vyumba viwili kama huna masofa makubwa, nyumba ya familia yenye makabati, seti ya sofa, meza ya kulia na friji twende kwenye Fuso. Usiamini macho ya dereva, yeye kila kitu kitaingia, afu siku ya kupakia unaambiwa godoro lifungwe juu kabisa na mvua hiyo inakuja. Sogeza vitu vikubwa vyote ukutani sebuleni siku moja, pima kwa futi kamba vimechukua urefu gani na upana gani, kisha nenda kapime bodi ya gari yenyewe maana bodi za Fuso hazilingani. Dakika ishirini imeisha hiyo.

Ukishaipenda gari ikague na makaratasi yake, usione aibu, ni vyombo vyako. Tairi za nyuma zote ndani na nje, spea, turubai lisilo na matobo, chanja za pembeni kama zipo. Leseni ya dereva iwe na daraja E, hilo ndo la magari ya mizigo. Bima unaweza kuihakiki mwenyewe kwa simu kwenye mfumo wa TIRA, na madeni ya faini za barabarani yanaonekana kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, ukikuta gari ina faini kibao hazijalipwa jua njiani itasimamishwa na wewe utakaa juani nayo. Leseni ya LATRA ya kubeba mizigo pia ulizia. Afu kitu ambacho wengi hatukijui, ile bima ndogo ya kawaida inalipa watu wengine watakaogongwa na mali zao, haihusu kabisa TV yako iliyomo ndani ya gari. Kama una vitu vya thamani ulizia kampuni za bima kuhusu bima ya mizigo safarini, wanakukatia hata kwa safari moja, na wanataka orodha na thamani ya vitu, kwahiyo orodha unaiandaa mapema.

Mkataba uandikwe hata kwenye karatasi ya daftari. Majina, namba za vitambulisho, namba ya gari, kutoka wapi mpaka wapi (taja mtaa, ukiandika Mwanza tu atakushusha Nyegezi aseme tumefika), siku ya kupakia, bei yote na imegawanywaje. Mi napendelea kumpa hela ya mafuta siku ya kuondoka, kipande kidogo njiani, na salio baada ya kitu cha mwisho kushuka, usilipe yote Arusha hata akuapie kwa mama yake. Andika pia nani analipa faini ikitokea, nani analipa wapagazi, mkilala njiani parking nani analipa, na hili liandike kwa herufi kubwa: HAKUNA KUPAKIA MZIGO MWINGINE NJIANI. Madereva wanapenda sana kuongezea, mtu anasimamisha gari Magugu na gunia nane za mchele, zinarushwa juu ya kitanda chako, hela inaingia mfukoni kwake, uzito unaongezeka kwenye gari na kabati lako linapasuka. Kama mmekubaliana kuchangia gari ni sawa, ila bei ishuke na mzigo wa mwenzio uwe umeshajulikana.

Kuhusu uzito, gari yoyote ya kuanzia tani tatu na nusu inatakiwa kupita mizani za TANROADS, na tangu Machi 2019 tunatumia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ekseli ya mbele mwisho tani 8 na ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne mwisho tani 10. Vyombo vya nyumbani peke yake mara chache vitazidisha Fuso, shida inakuja ukichanganya na mifuko ya saruji iliyobaki, matofali, mashine ya kusaga, au ukirundika vizito vyote nyuma kabisa ya bodi, hapo gari nzima iko sawa ila ekseli ya nyuma imezidi na faini inatoka. Njiani utaikuta Njuki pale Singida, na Usagara unapokaribia Mwanza, wa kwenda Dar atapita Njiapanda Himo. Foleni ikiwepo mnakaa, iwekeni kwenye muda wa safari.

Haya, kufunga. Hapa ndo safari inaharibika au inapona, barabara ya lami inatikisa vitu masaa kumi na sita na matuta ya kila kijiji yanarusha. Wiki mbili kabla anza kukusanya maboksi madukani, nunua salfeti, solotepu za kutosha, nailoni pana ya magodoro na kamba ya manila, ile ya katani ikilowa inakaza ikikauka inalegea. Nguo zinaenda kwenye mabegi ya shangazi kaja, na mapazia, mashuka na taulo usiyafunge pamoja nazo, hayo ndo ya kuviringishia sahani na glasi. Sahani zisimame kwa ubavu kwenye boksi, ukizilaza moja juu ya nyingine ya chini inabeba zote na ndo inaanza kupasuka. Vyombo vizito boksi dogo, vyepesi boksi kubwa, ukifanya kinyume mpagazi atakuonyesha kitako cha boksi kikiachia mlangoni. Vitanda na makabati yafunguliwe, misumari na skrubu za kila kimoja weka kwenye kifuko ukibandike kwa solotepu kwenye ubao wake wenyewe. TV isafiri imesimama, katikati ya magodoro mawili, kwenye boksi lake kama hukulitupa.

Friji lizime siku moja kabla, likaushwe, mlango ufungwe kwa kamba na lisimame wima safari nzima. Mtungi wa gesi nao wima, koki imefungwa na regulata imetolewa, ufungwe kwa kamba bodini mahali panapoingia hewa, usije ukauweka kwenye kabini mnapokaa watu. Mafuta ya taa na petroli ya jenereta mwaga au gawa. Mkaa na mbao acha, hayo ni mazao ya misitu yanataka vibali vya TFS na geti la maliasili wakiona gunia za mkaa pembeni ya sofa mtaongea lugha nyingine. Kitanda na kabati ambavyo ni vipya kabisa, na friji jipya au TV mpya, tembea na risiti za EFD, weka kwenye bahasha moja na nakala ya mkataba wa gari.

Kwenye bahasha hiyohiyo weka barua ya serikali ya mtaa. Nenda kwa mtendaji siku kadhaa kabla, ukiwa na shikamoo yako ya adabu kama ni mtu mzima, mwambie nahama na vyombo vyangu, na orodha mkononi, akuandikie na mhuri. Gari imejaa vitanda na majiko inayotembea alfajiri ni lazima askari aulize ni za nani, barua inamaliza mazungumzo palepale.

Kupakia anza na vizito karibu na kabini, friji, makabati, mashine ya kufulia, visambae kulia na kushoto, magodoro yanasimama katikati yao kuzuia visisuguane, sofa nyuma yake, maboksi yanajaza matundu. Vya mwisho kuingia viwe vile utakavyovitaka kwanza ukifika, godoro moja, jiko, ndoo, sufuria, nyundo na bisibisi. Piga picha kila hatua. Turubai lifungwe hata kama jua linawaka, na kama ni Machi mpaka Mei weka na nailoni ya pili chini yake. Vyeti, hati, laptop, dhahabu ya mama na hela hivyo havipandi gari ya mizigo, vinaenda na wewe. Pakia jioni ya siku iliyotangulia, gari ilale getini kwako, ukisema tupakie asubuhi tuondoke utaondoka saa sita mchana na ratiba nzima imekufa.

Familia ipande basi. Kabini ya Fuso inakaa watu watatu, dereva, utingo na wewe au ndugu yako mmoja unayemwamini, na hakuna kumpandisha mtu juu ya mzigo eti alinde vyombo.

Sasa njia. Ramani ya simu inaweza kukuonyesha njia fupi ya Karatu, Ngorongoro na Serengeti, hiyo sahau, kule ni hifadhini, kuna mageti na ada na sio njia ya Fuso lenye makabati. Wewe unashuka Kisongo, Makuyuni, pale unaiacha ya Karatu upande wa kulia unanyoosha Minjingu, Magugu, Babati. Toka saa kumi na moja alfajiri. Kipande cha baada ya Makuyuni kina ng'ombe, na mbele kwenye ushoroba wa Kwakuchinja wanyama wanavuka kati ya Tarangire na Manyara, twiga na tembo kabisa, usikubali dereva apite hapo usiku kwa mwendo. Chai mnywe Babati, ni kama kilomita 170, hapo utingo akaze kamba zote upya maana mzigo ukishatikisika mwanzoni ndo unakaa na kamba zinalegea. Wa Dodoma anaachana na nyie hapa anashuka Bonga, Kondoa, lami yote tangu 2018, kabla ya hapo watu walikuwa wanazungukia Singida au Chalinze.

Babati kwenda Singida mnapita Katesh chini ya mlima Hanang, kama ni Novemba Desemba na mvua imeshika ulizeni kwanza kwa wanaotoka huko, Desemba 2023 tope lilishuka kutoka mlimani likafukia makazi na barabara. Singida mtafika kama saa nane mchana, mmeshatembea kilomita 330 hivi, na hapo ndo ubishi na dereva unaanza. Yeye atataka kuunga usiku, hakuna joto, matrafiki wachache, asubuhi tuko Mwanza bosi. Mimi nasema laleni Singida, au kama bado ana nguvu kweli msogee mpaka Igunga au Nzega ila muwe mmesimama kabla giza halijaingia. Mbele ya Singida kuna mteremko wa Sekenke, kati ya Misigiri na Shelui, malori yameshaanguka sana pale, unashukwa kwa gia nzito tangu juu, ukishuka kwa breki peke yake zinapata moto na chini huna kitu. Huo mteremko na dereva aliyeamka saa tisa usiku siupendi. Gari yenye uzito wa zaidi ya tani tatu na nusu kisheria mwisho ni 80 kwa saa, vijijini kwenye kibao 50, ukitoa na matuta na mizani wastani wenu utakuwa kama 50, safari nzima ni masaa kumi na sita ya usukani, mtu mmoja hawezi hayo kwa siku moja hata anywe energy ngapi.

Gari ilazwe kwenye yadi yenye mlinzi au kituo cha mafuta chenye taa, mlipe mlinzi na uchukue namba yake, utingo alale kwenye gari, dereva alale kitandani. Chumba cha dereva usikionee choyo.

Siku ya pili tena saa kumi na moja. Igunga, Nzega, Tinde, Shinyanga, Hungumalwa, Misungwi, Usagara. Anayehamia Geita au Sengerema anakata Usagara kwenda Kigongo, siku hizi hakuna tena habari ya kusubiri kivuko na gari lako, daraja la Kigongo Busisi limefunguliwa Juni 2025. Wa Mwanza mjini ataingia kama saa tisa kumi jioni, mwanga upo, na hiyo ndo sababu ya ratiba yote hii, kwasababu ukifika usiku wapagazi wanakupiga bei wanavyotaka na vitu vidogo vinapotea gizani. Fika ukiwa umeshaongea na mwenyeji akutafutie vijana wanne, bei kwa kazi nzima, na uulize mapema kama Fuso inafika mpaka mlangoni. Nyumba za milimani kule, Bugando na Mabatini, nyingine gari inaishia barabarani chini na sofa inapanda ngazi za mawe, hiyo ni hela nyingine kabisa na bora uijue ukiwa Arusha.

Kushusha simama mlangoni na orodha, tiki moja moja, kilichovunjika kipigwe picha kikiwa bado juu ya bodi mbele ya dereva. Friji lisimame masaa kadhaa kabla hujachomeka. Ukimaliza orodha ingia na dereva ndani ya bodi muangalie wote hakuna kilichobaki chini ya turubai, kisha mtumie mwenye gari salio, dereva aone meseji imeingia, na utingo mpe hela yake ya soda pembeni.